Viza Wamenikatalia, Basi Waje Tunduma

Jumatatu, 2 Juni
Nimegeuza kahawa kwenye vichanja. Itaka nzima hakuna anayeanika kama mimi, na wanajua. Ndiyo maana chama chetu cha wakulima kimenichagua mimi kwenda Ulaya, mkutano wa wakulima wa nchi nyingi. Kahawa ya kila mmoja itaonjwa na kushindanishwa.

Ijumaa, 6 Juni
Neema, katibu wa chama, kanijazia fomu ya viza. Kauliza kama nimewahi kutoka nje ya nchi. Nikamjibu: Kamwe. Andika hivyo hivyo. Mimi si mtu wa kutangatanga.

Alhamisi, 26 Juni
Nimekataliwa. Eti nimedanganya, pasipoti ina mihuri ya Zambia.
"Baba, si ulisema hujawahi kutoka?"
"Nakonde ni sokoni, mwanangu. Na kwa shemeji. Huko nako ni nje?"
"Ni Zambia, baba!"
Neema kacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nimeona aibu.

Jumapili, 29 Juni
Chama kinataka kupeleka mtu mwingine, na kahawa yake. Nimegoma. Chanda, mkulima wa Kasama huko Zambia, kapiga simu. Naye kanyimwa, na hakudanganya kitu. Anasema na mama mmoja wa Kongo kanyimwa. Na wengine.

Jumanne, 1 Julai
Sikuondoka ofisini kwa Neema mpaka akaandika barua kwa waandaaji. Maneno yangu: Sisi kwenu tunanyimwa. Ninyi huku mnapewa viza mkishuka tu kwenye ndege. Basi njooni Tunduma, hapa mpakani na Zambia, kahawa iko huku. Neema hana imani. Mimi ninayo.

Jumatano, 16 Julai
Wamekubali! Mkutano ni Tunduma. Wazambia watavuka kwa miguu. Neema anasema barua zilitoka nchi nyingi. Sawa. Yangu ndiyo ilikuwa kali.

Alhamisi, 14 Agosti
Tumeonja. Yangu ya pili. Ya kwanza ni ya yule mama wa Kongo. Kila mwaka anatuma kahawa, hajawahi kuwepo ikionjwa. Leo alikuwepo. Alilia, akajifuta na kanga.
Nilikunywa kikombe chake. Kahawa nzuri kuliko yangu. Naandika hapa tu, simwambii mtu.
Nimemshukuru Mungu kwa wale walioninyima viza. Tungekuwa Ulaya, yule mama angekuwa kwao, anasubiri kupigiwa simu.