Kufungiwa Dukani kwa Ajili ya Albamu ya Kwanza ya Kokoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni, Mombasa, Jumatano tarehe 11 Juni 2025
Jina: Fariha Juzer Kasam. Umri: miaka 39. Kazi: kutengeneza fremu za picha. Makazi: Ganjoni.

Mimi ndimi niliyetajwa hapo juu. Nina duka la fremu Mji wa Kale, nililoachiwa na marehemu baba. Napenda sana Kokoto, bendi ya roki iliyovuma hapa pwani zamani, na nimo katika kundi la WhatsApp la mashabiki wake. Wengi humo husema albamu ya kwanza, Chumvi Mbichi, haina mfano. Jumapili nilituma ujumbe wa sauti, nikasema gitaa la albamu ile ni kelele tu, na bendi ilipata uhai kwenye ya pili, ilipobadilisha mpiga gitaa. Walinitukana kidogo, nikacheka.

Jana Jumanne, mwendo wa saa nne asubuhi, mzee nisiyemjua aliingia dukani. Alitoa salamu vizuri, nami nikamwitikia. Alikuwa na jalada la santuri ya Chumvi Mbichi, akataka litiwe fremu ya kioo. Nilimwambia litakuwa tayari kesho yake. Aliinua uso, akasema, "Sauti hiyo naijua. Ni wewe wa Jumapili, kule kundini."

Alikwenda akafunga mlango, akatia komeo. Kisha alirudi mezani akachukua kisu changu cha kukatia vioo. Alisema yeye ni Kingi, na gitaa lile lilipigwa na Tsofa, ndugu yake, aliyeondolewa kwenye bendi na sasa ni marehemu.

"Kelele, siyo?" aliuliza. "Haya, sikiza."

Aliweka wimbo kwenye simu yake. Alisimama karibu hata nikasikia pumzi zake. Kila nilipotupa jicho mlangoni alisema, "Sikiza, mama." Hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilimfikiria mamangu, Hawabai, aliye kitandani na hana mwengine wa kumlisha.

Wimbo ulipokwisha aliniuliza naonaje sasa. Nilimwambia nilikosea, kwamba hiyo ndiyo albamu bora na hakuna aliyepiga gitaa kama Tsofa. Alinitazama sana.

"Waniongopea kwa hofu," akasema. "Tuanze tena." Akaurudisha wimbo mwanzo.

Hapo jirani yangu Mbodze, muuza mahamri, akagonga. "Fariha! Mbona umefunga mchana? U mzima?"

Kingi alipogeukia mlango nilikimbilia stoo ya nyuma, nikajifungia, nikapiga mayowe. Nilisikia vioo vikivunjika. Sijui kama alivivunja au aliviangukia. Mbodze aliita watu, wakausukuma mlango mpaka komeo likang'oka. Nilipotoka nilimkuta Kingi amekaa sakafuni, mkono wachuruzika damu, wimbo bado unaendelea. Hakumgusa mtu. Askari walipokuja aliwafuata.

Jioni nilifungua kundi. Watu niliowahesabu wenzangu wameandika kwamba niliyataka mwenyewe. Mmoja ametaja duka langu na kichochoro lilipo. Usingizi haukuja. Leo sikufungua duka.

Afisa ameniuliza iwapo niliyomwambia Kingi ndiyo maoni yangu. Nimejibu hapana, nilisema vile ili aniache hai. Albamu ya pili ndiyo bora, na gitaa la Tsofa silipendi. Nimeuliza kama jibu hili litasomwa mahakamani mbele yake. Nimeambiwa huenda. Nimeomba maji, nikanywa, kisha nikasema liandikwe hivyo hivyo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi: F. J. Kasam

Nimeyaandika mimi, Konstebo Caroline Nekesa, na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Ametia sahihi mara mbili, kwa kuwa ya kwanza haikusomeka. Ameomba asindikizwe hadi nyumbani. Nimemsindikiza.