Nilisema Ikiwezekana

Nyumbani,
Jumapili, saa tisa alasiri

Kwa dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha upumue. Sisi huku afya zetu ni nzuri. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua kama kawaida, ila mwenyewe anasema magoti ya mfuaji hayastaafu kabla ya mwenyewe. Mimi pia sijambo kwa mwili. Kwa mengine utanisoma.

Katika barua yako uliuliza kama kitabu chako cha Kihispania bado nakisoma au nimekigeuza kiegemezo cha dirisha. Nakisoma, dada. Jalada limeng'oka, nimelishona kwa uzi. Maandishi yako ya penseli yapo yote, hata yale ya ukurasa wa maagizo, ulipoandika pembeni kwamba *tener que* ni lazima isiyo na mjadala, *deber* ni inapasa, na *hay que* ni lazima ya kila mtu, hata aliyeandika. Hapo chini uliandika kwamba agizo likipita kwenye mdomo wa mtu wa pili, kitenzi hubadilika mwisho, kama sisi tunavyosema "zima" halafu "amesema mzime". Nilifurahi sana kuona lugha mbili zisizojuana zikifanana. Nilidhani nikishajua hivyo nimejua kila kitu.

Basi nikupe habari. Mwanzoni mwa likizo, kiwanda cha kufulia anakofanya kazi Mama kilileta mashine mpya ya kupigia pasi mashuka ya hospitali. Ni ndefu kama vitanda viwili, ina rola ya chuma yenye moto, shuka linaingia huku limekunjamana na kutokea kule limenyooka kama karatasi. Ilikuja na fundi kutoka kiwanda kilichoitengeneza, kijana wa miaka thelathini hivi, ana kalamu mbili mfukoni na hana neno hata moja la lugha yetu. Mama, ambaye unajua hawezi kuficha sifa za wanawe, alikuwa ameshanitangaza kazini kwamba nyumbani ana mtoto anayeota kwa Kihispania. Meneja akaniita niwe mkalimani kwa siku nne.

Siku mbili za kwanza nilitetemeka, lakini kazi ilikwenda. Kulikuwa na majina ya vyuma, namba za joto, na mambo ya kusafisha. Wanawake wa chumba cha pasi wakanibandika jina la Kamusi. Nikipita waliniuliza, Kamusi, leo umefunguliwa ukurasa gani? Nilikuwa natazama chini, ila moyoni nilijivuna, lazima nikubali.

Unamkumbuka Bibi Pasi, aliyemfundisha Mama kazi siku Mama hajui hata kukunja foronya. Bado yupo, na bado ndiye mkubwa wa chumba kile kwa umri na kwa mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea barua za mwanawe, tangu nikiwa darasa la nne, kwa sababu yeye hakujaliwa kwenda shule. Kwa hiyo najua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kwake neno ni lile linaloingia sikioni. Naomba ulishike hili.

Siku ya tatu fundi alituweka mbele ya mashine akasema shuka likijiviringisha kwenye rola, lazima kwanza wabonyeze swichi nyekundu, wangoje rola isimame kabisa, ndipo watoe shuka. Akasema ni marufuku mkono kuingia huku rola inazunguka. Nilimwelewa kila neno, dada. Ingekuwa mtihani ningepata zote.

Lakini kabla sijafungua kinywa, Bibi Pasi, aliyekuwa ameshaona vidole vya fundi vikionyesha swichi, akasema nimwambie huyo fundi kwamba yeye alikuwa anachomoa mashuka kwenye moto kabla mama yake fundi hajamnunulia suruali ya kwanza. Chumba kizima kilicheka, Mama akashika mbavu akatoka nje akicheka. Fundi akaniuliza bibi amesema nini. Nikamwambia amesema ameelewa. Fundi hakuridhika. Alipiga kiganja chake kwa vidole viwili, akaniambia niwaambie kwamba ni lazima, nilirudie neno hilo, nimtazame bibi usoni.

Nilimtazama usoni. Ni mtu aliyenibeba mgongoni. Nikajiona mtoto wa shule na soksi zangu, ninamwamrisha mtu wa umri ule mbele ya wenzake, kwamba lazima afanye hivi na marufuku kufanya vile, kwenye kazi aliyoianza kabla Mama hajaolewa. Nikainama, nikasema fundi anaomba, ikiwezekana, na kama wataona inafaa, wawe wanaizima kwanza. Bibi Pasi akanipapasa kichwa, akasema mtoto huyu amelelewa. Fundi alisikia sentensi ndefu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Jioni yake meneja aliniagiza niyaandike maagizo yale kwa herufi kubwa yabandikwe ukutani. Nikaandika nikiwa peke yangu mezani. Karatasi haina macho, dada. Niliandika LAZIMA mara tatu na MARUFUKU mara mbili, nikapiga mstari chini kwa rula. Tangazo likabandikwa juu ya mashine, nami nikajiambia kosa limesahihishwa. Nililibandika mbele ya mtu ninayejua kwamba hajui herufi hata moja, na kumsomea sikumsomea.

Fundi aliondoka. Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, shuka lilijiviringisha na Bibi Pasi akaingiza mkono. Mwenzake aliruka akabonyeza swichi, lakini rola ilikuwa imeshamshika. Mkono wa kulia uliungua, na daktari anasema vidole viwili havitakunjika tena.

Alhamisi meneja aliitisha kikao, nami nikaitwa. Bibi Pasi alikaa mbele, mkono umefungwa bandeji hadi ukawa mkubwa kama mtoto mchanga, ameupakata. Meneja alisema mfanyakazi aliyekaidi maagizo hawezi kubaki kwenye mashine zake, na kwamba ataamua Jumatatu, yaani kesho. Bibi Pasi akajibu kwamba hakukaidi mtu. Yeye aliambiwa ikiwezekana, na siku ile aliona haiwezekani, kwa sababu gari la hospitali lilikuwa linangoja mlangoni. Baadhi walicheka kidogo. Meneja akanyoosha kidole ukutani akasoma tangazo langu kwa sauti, neno kwa neno. Wenzake Bibi wawili wa zamu wakasema siku ya mafunzo walikuwa wanacheka, hawakumbuki vizuri. Ndipo Mama aliposimama, Mama yetu, akasema mwanawe hajawahi kukosea hata imla, na kwamba Bibi ni mwalimu wake na anamheshimu, lakini umri nao unasahaulisha.

Sasa nakwambia jambo ambalo sijamwandikia wala kumwambia mtu mwingine isipokuwa mmoja. Meneja alinigeukia akaniuliza kama nilisema kwa mdomo kama nilivyoandika. Nilikuwa na nafasi ya kulirekebisha lote kwa neno moja. Nilisema ndiyo. Sikusema kwa nguvu, lakini walisikia wote, na yeye alisikia. Hakunipinga. Aliutazama mkono wake kama mtu anayejaribu kukumbuka kama kweli amezeeka.

Tangu siku ile sili nikashiba. Nikifungua kitabu chako naona penseli yako, *hay que*, lazima ya kila mtu, hata aliyeandika.

Jana mchana nilikwenda kwake. Nilimkuta amekaa kizingitini anajaribu kumenya kitunguu kwa mkono wa kushoto. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana sikustahili kiti. Aliendelea kumenya mpaka kitunguu kikaisha. Kisha akaniambia nimwambie sasa, kama fundi alivyosema hasa, bila adabu zangu. Nikamtazama usoni nikasema, "Lazima uizime kwanza, Bibi. Ni marufuku kutia mkono."

Akasema, "Ungeniambia hivyo siku ile, mjukuu wangu, ningekutukana. Ningekutukana mchana kutwa. Na ningeizima."

Kesho saa mbili asubuhi nakwenda kwa meneja. Bibi amesema atanisindikiza mpaka mlangoni, ila maneno niyaseme mwenyewe, kwa kuwa hana mkalimani mwingine. Mama bado hajui. Namsikia uani anaanua nguo. Nikimaliza mstari wa mwisho natoka kumwambia, na ndiye ninayemwogopa kuliko meneja, kwa sababu alinitetea mbele ya mwalimu wake.

Usiniandikie kwamba mimi ni mtoto tu. Wasalimie wenzako wa bwenini, hasa yule anayekuchekesha ukiwa na homa, na ujifunike vizuri kifua. Kitabu chako nitakutumia ukikihitaji. Ule ukurasa nimeukariri.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniamini na penseli yako.