Zamu Zote za Maji Zilitoka kwa Jina Langu

Same, Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Ernesta,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote, hata yale yanayonifanya nionekane mjinga, ambayo ndiyo mengi.

Mimi ni msomaji wako wa gazetini, mwanafunzi wa kidato cha tatu, niko nyumbani milimani kwa likizo, na hapa kwetu maji ya kumwagilia tunayapata kwa zamu kutoka kwenye ndiva, yaani bwawa letu la mawe na udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila familia ina siku yake ya kuyaelekeza maji shambani, na siku hizo amekuwa akizitangaza kwa mdomo Mzee Loth, mwenyekiti wa ndiva, ambaye sasa umri umekwenda na mwezi uliopita aliwapa watu wawili siku moja, wakakutana mferejini na majembe.

Basi nikajitolea. Hakuna aliyeniomba, Shangazi. Mwalimu Clemence, ambaye ni wa kijiji hiki hiki, ametufundisha hifadhidata shuleni, yaani namna ya kupanga taarifa kwenye kompyuta ili uiulize nayo ikujibu, na mimi nilipata alama nzuri, na mtu mwenye alama nzuri hatulii. Nikasimama mbele ya kikao cha ndiva nikasema kompyuta haisahau na wala haina ndugu. Nilisema hivyo kwa sauti, nimevaa sare ya shule, wakati wa likizo.

Mwalimu akaniazima kompyuta yake, akanitengenezea humo jina langu la kuingilia, rogathe. Nikatengeneza jedwali, safu ya kwanza nikaiita siku, ya pili shamba, na ya tatu, ya jina la mwenye zamu, ningeweza kuiita mkulima tu, lakini nikaona Kiingereza kitapendeza pale juu, nikaiita "user", nikimaanisha mtumiaji wa maji. Sasa, mwalimu alikuwa ametuonya kwamba yako maneno ambayo programu imeyatenga kwa kazi zake yenyewe, tusiyatumie kuita vitu vyetu, akatupa ukurasa mzima wa maneno hayo, na mimi ukurasa huo niliupigia mistari kwa kalamu ya rangi, vizuri sana, bila kuusoma. Jedwali nililitengeneza kwa kubofyabofya, kwa hiyo programu haikunung'unika, majina yote yakaingia salama. Lakini nilipoandika amri kwa mkono, nikiomba inipe siku, shamba na "user", yenyewe ilielewa nauliza ni nani ameingia kwenye kompyuta hii, nayo ikanijibu kwa utiifu, kila mstari, mwezi mzima: rogathe, rogathe, rogathe.

Utaniuliza, wewe mtoto hukuona? Niliona mstari wa kwanza. Na wa kwanza ulikuwa sahihi, kwa sababu nimepewa jina la bibi yangu mzaa baba, kama tunavyofanya huku kwetu, na zamu ya kwanza kweli ni ya bibi, maana shamba lake ndilo lililo karibu kabisa na ndiva. Nikaona Rogathe pale juu, nikamshukuru Mungu, nikampelekea Agatha wa steshenari achape, nikabandika ukutani pale wanapokutania wanakamati, nikaenda nyumbani kula makande nikisubiri kusifiwa.

Aliyekuja ni Sifael, jirani yetu, akasimama mlangoni akamwamkia bibi.

"Shikamoo bibi. Hongera, nasikia umenunua ndiva."

"Marahaba. Ndiva gani tena, Sifael?"

"Mwezi mzima ni wako. Sisi wengine tutakuja na vikombe kuomba ya kunawa uso. Si ndiyo faida ya kusomesha?"

Bibi alichukua mkongojo akapanda mwenyewe kwenda kuangalia. Aliporudi alinikuta nimekaa jikoni, akasema, "Mjukuu wangu, nimezeeka na watu hawa na sijawahi kugusa maji ya mtu. Zamu yangu ikifika sitafungua, mpaka jambo hili liishe." Na kweli, Jumatatu iliyopita hakufungua, na kesho amesema hafungui, na maharage yake yametoa maua na maua yameanza kudondoka.

Safu nimeshaibadilisha ikaitwa mkulima na majina yanatoka sawa, nikachapa karatasi nyingine, lakini Sifael anasema hiyo ni ya kufunika ya kwanza. Jumamosi kuna kikao. Mwalimu Clemence ameniambia, "Rogathe, waambie mtandao ulisumbua. Watu wakisikia mtandao wanasamehe." Lakini kompyuta haikuwa hata na bando. Naogopa nikisema ukweli watajua kwamba nilijifanya najua, hawataniachia tena kitu chao chochote, nami nilikuwa natumaini, na bado natumaini kidogo, kwamba kazi hii nitakuja kuifanya kweli ukubwani.

Shangazi, nijibu kabla ya Jumamosi: niseme ni mtandao, au nisimame niseme ni mimi, na nikisema ni mimi, bibi yangu watamwamini?

Wako mtiifu,
Rogathe

*

Rogathe mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote kwa sababu ya maharage. Nimecheka, sikufichi, hasa kwenye hiyo sare. Kisha nikafika kwa bibi na mkongojo wake, kicheko kikaisha.

Kwanza pole. Kompyuta mimi siijui, kwa hiyo nilimsomea barua yako Asheri, kijana anayetutunzia mitambo hapa gazetini. Alishika kichwa. Anasema hilo neno limeshamtia aibu na yeye, tena akiwa na cheti ukutani. Kwa hiyo wewe si mjinga peke yako, ila umejitahidi.

Sasa nikugombeze. Ulitaka kusifiwa kabla ya kusoma kazi yako mpaka mstari wa mwisho. Mtu akipika hutoa chakula mezani kwa kuonja punje moja? Na hayo maneno kwamba kompyuta haina ndugu, mwanangu, ndiyo yanayowauma watu, maana uliwaambia wao wana upendeleo, halafu ukabandika jina la kwenu ukuta mzima.

Habari ya mtandao iache leo hii. Mtandao gani huo unapita majina ya kijiji kizima ukachagua la bibi yako? Sifael atauliza hivyo kabla hujakaa chini. Uongo huo utamstiri mwalimu na utakupumzisha wewe kidogo, lakini bibi utamwacha pale pale alipo. Mwalimu Clemence naye asome hapa: mtoto aliyemfundisha ni wa kusimama naye kikaoni, si wa kumtafutia kisingizio.

Jumamosi vaa gauni lako la kawaida. Amkia wazee. Usianze na hifadhidata, anza na bibi: sema hakuomba, hakujua, na anaacha shamba lake likauke kwa kosa lako. Halafu sema kosa lenyewe kwa maneno mafupi kama ulivyoniandikia mimi. Hawatakuamini kwa maneno matupu, na wasikuamini. Kwa hiyo beba kompyuta. Mwite Sifael mbele, mtengenezee jina lake la kuingilia, umpe amri ile ile mbovu aibonyeze mwenyewe. Asheri ananiambia mwezi mzima utatoka kwa jina la Sifael. Mwache ausome kwa sauti, kila siku, mpaka mwisho, watu wamcheke yeye nao wamwulize kama atawapa ya kunawa uso. Akimaliza kusoma hatakuwa na neno juu ya bibi yako.

Kisha toa orodha nzuri, na isibandikwe mpaka kila mwenye zamu ameona jina lake kwa macho yake. Wakikataa kukurudishia kazi, kubali bila kununa. Maji ni yao. Mwombe Mzee Loth aendelee kutangaza, wewe uandike anachosema, na mwakani watakuona kama umejifunza kusoma mpaka chini. Mimi nadhani utajifunza.

Mwisho, kabla kikao hakijafungwa, omba bibi afidiwe zamu alizoziacha. Omba wewe, yeye hataomba. Wakikubali, mshike mkono mshuke wote mpaka mferejini, mchana, watu wakiona, na mwache afungue maji yeye mwenyewe.

Shangazi Ernesta