Mawe Tuliyoyachanganya

Mbalibali, Jumanne, 11 Machi. Asubuhi ukungu, kisha manyunyu mpaka saa tatu.

Baba yangu,

Leo nimevunja ahadi niliyokupa, na nataka usikie kwangu mwenyewe.

Unakumbuka duara la mawe pale shuleni, kuzunguka mlingoti wa bendera? Ulipokuwa mwalimu, ulitaka vijana wa koo zote wasomee Uraia pale, wakitazama bendera moja. Ukaagiza kila ukoo ulete mawe kutoka kilima chake na kuyapanga wenyewe. Mimi nilikushikia ndoo ya chokaa. Wiki haikuisha, kila kijana akawa anakaa kwenye mawe ya kwao tu, na aliyekosea aliambiwa, "Inuka, hilo si lenu. Kakae kilimani kwenu." Mmoja hakuinuka. Alipasuliwa kichwa kwa jiwe la duara hilohilo.

Jumamosi iliyofuata tuliyang'oa yote, wewe na mimi, tukayachanganya kwenye toroli na kuyapanga upya, mpaka hakuna aliyejua lipi limetoka wapi. Watu walidhani unapendezesha uwanja. Ukaniambia, "Kosa ni langu, mwanangu. Niliwachorea mpaka kwa mikono yangu. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Hata kwenye shajara hii, ambamo naandika mpaka siku aliyozaa ng'ombe, sikuandika.

Leo bodi ya shule ilikaa, nami ni mjumbe wa wazazi. Mkuu mpya alitaka mawe yaondolewe, kila ukoo ujenge benchi la saruji na kuandika jina lake, ili vijana wajifunze kushindana kwa maendeleo. Wenzangu walikuwa wameshapiga makofi. Nikasimama, nikasimulia yote, na jina lako nikalitaja.

Mwenyekiti, mzee mkali ambaye hajawahi kukusifu, aliinuka. Kisha akavua kofia, akainamisha kichwa tuone kovu.

"Binti wa mwalimu," alisema, "mimi ndiye niliyekataa kuinuka. Miaka yote hii nilidhani baba yako alinilaumu mimi."

Mabenchi yatajengwa bila majina. Mawe yanabaki.

Nilipotoka nilikaa kwenye jiwe moja, bado bichi kwa manyunyu ya asubuhi, chokaa imebanduka. Sikujua ni la kilima gani. Nisamehe, baba. Yule mzee alikuja akakaa kwenye jiwe la pili yake, tukaitazama bendera.

Ni mimi mwanao, mshika ndoo.

Nalala sasa, saa nne na robo.