Hadithi ya Nne Uliyoiruka

Advera,

Maharage yameshachemka. Ukitoka shule yaunge kwa karanga. Bibi anywe dawa ya presha saa mbili, umwone akimeza. ~~Kitabu chako nimekifungia kabatini.~~ Kitabu kiko juu ya friji.

Ndiyo, nimekifungua. Asubuhi umenifokea mbele ya bibi yako kwamba kila nikienda kwa wafuga nyuki Sikonge nawatelekeza, kama mama yake Sela kwenye zile riwaya zako za mji wenye ukuta. Nikataka kumjua huyo ninayefananishwa naye. Kumbe kwenye hiki kitabu cha hadithi fupi, kinachofuata riwaya, ana hadithi yake, ya nne, nawe kurasa zake umezibana kwa kibanio cha nywele ili usimwone!

Hakumtoroka Sela, mwanangu. Walinzi wa mji walikuja kumchukua binti, mama akajipeleka yeye badala yake. Sasa chai yangu imepoa na dereva anapiga honi.

Isome kwanza, ndipo uninunie. Yule hakupata hata nafasi ya kumwambia mwanawe atarudi lini. Mimi narudi Alhamisi.

Mama