Macho Mekundu ya Babu Yako

Kibakwe, Jumapili baada ya ibada

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, barua yako imefika. Shangazi yako amemaliza kuvuna karanga. Mimi bado naandaa vikombe viwili vya chai, kisha nakumbuka kwamba babu yako hayupo.

Unauliza kama uache matone ya presha ya macho, kwa kuwa macho yamekuwa mekundu na wenzako hosteli wanakuita mlevi. Babu yako alipewa matone kama hayo, naye alikuwa mzee wa kanisa. Wenzake walimpokea mlangoni: "Mzee mwenzetu, leo umepitia kilabuni kwanza?" Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Akaacha dawa bila kuniambia. Ugonjwa ule hauumi, hivyo sikujua mpaka alipojigonga kwenye nguzo ya kibaraza mchana kweupe. Daktari akasema, "Wekundu ule ni kawaida, Mama. Mngerudi tungembadilishia dawa." Mbona hakutuambia siku ya kwanza? Hasira ile ninayo hadi leo, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe. Siku ya kipaimara chako babu yako alikaa mbele kabisa, akaninong'oneza, "Neema amevaa gauni la rangi gani?"

Usiache dawa. Rudi kliniki kesho, useme macho ni mekundu, na kifua kikibana useme pia, maana baadhi ya matone hayo hubana pumzi. Wakikucheka, waache wacheke.

Kila unapodondosha tone, nikumbuke.

Bibi yako