Siku Nilipomuulizia Farasi

Mjukuu wangu Mei,

Salamu kutoka Cabramatta, upande huu wa pili wa nchi. Mie mzima, ila lockdown ya korona imetufungia ndani. Shangazi yako huniachia chakula mlangoni, tunapungiana mikono basi.

Umeniuliza ufanyeje, maana huko Perth Wazungu wanakuita Mchina, na Wachina wanakicheka Kichina chako.

Nilipokuwa na umri wako, kule Tanga, nilisoma kwa wamisheni, nikazoea Kiingereza, uma na kisu. Siku moja baba mkubwa akaja kutoka China. Nilitaka kumuuliza hali ya bibi, lakini kwa Kichina neno hubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti; yangu ikapanda pasipotakiwa, nikawa nimemuulizia farasi.

"Farasi hajambo," akajibu bila kutabasamu, "ila meno yamemwisha."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nikakimbilia jikoni kulia. Baba mkubwa akanifuata na bakuli la tambi na uma.

"Nifundishe," akasema.

Tambi zote zikaishia kwenye shati lake. Tukacheka mpaka machozi, na tangu hapo sikuona haya kuongea naye.

Nipigie, mwanangu, kwa Kichina chako hicho hicho. Nyumba hii ina siku nyingi haijasikia mtu akicheka.

Babu yako